Evagrius wa Ponto

Evagrius wa Ponto (takriban 345–399) alikuwa mmonaki na mwandishi wa Kikristo aliyefundisha namna ya kukabili vishawishi. Akiwa shemasi mjini Konstantinopoli alimpenda mke wa mtu. Akakimbilia Yerusalemu, kisha jangwa la Misri, alikoishi hadi kufa.

Aliorodhesha mawazo manane yanayoishambulia roho: ulafi, uasherati, uchu wa mali, huzuni, hasira, uvivu wa kiroho, majisifu na kiburi. Uvivu aliueleza kwa undani wa ajabu: adhuhuri jua huonekana limesimama, na mmonaki huchungulia dirishani mara kwa mara, akikichukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Dawa ni kubaki humohumo, kwa saburi na sala.

Kitabu chake Antirrhetikos kina karibu aya 500 za Biblia, kila moja ikiwa jibu kwa wazo mahususi, kwa mfano wa Yesu aliyemjibu Shetani jangwani kwa Maandiko. Silaha hiyo hutayarishwa mapema, kabla vita havijaanza. Yohane Kasiano aliyapeleka Magharibi mafundisho kuhusu mawazo hayo manane, na Papa Gregori I akayapanga upya kuwa vilema vikuu saba.