Nyambizi, Jiwe na Mchimbaji: Historia Fupi ya Mawimbi Marefu ya Redio

Utangulizi

Mji wa Kolwezi uko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bahari yoyote. Msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa nini mwalimu wa isimu, anayeishi katika ukanda wa shaba wa Lualaba, ajishughulishe na jinsi majeshi ya majini yanavyowasiliana na nyambizi zao. Jibu letu ni kwamba wimbi la redio linaloweza kuzama baharini ndilo hilo hilo linaloweza kupenya ardhini, na wakazi wa ukanda huu wanaishi kwa vile vilivyomo ardhini. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mawimbi hayo, na kuonyesha kwamba yalimtumikia baharia kwanza, kisha mtafuta madini, na kwamba yamechelewa mno kumfikia mchimbaji.

Simu ya upepo yafika Katanga

Wazee wetu wa lugha waliiita telegrafu isiyotumia waya "simu ya upepo". Mwaka 1911 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alimkabidhi mtaalamu Robert Goldschmidt kazi ya kuanzisha mawasiliano hayo katika Kongo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vituo vilikuwa vimejengwa kutoka Banana na Boma, upande wa Atlantiki, hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Miongoni mwa vituo vya njiani vilikuwamo Stanleyville, Kindu, Kongolo na Kikondja. Atakayetazama ramani ataona kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo inaufuata mto Lualaba wenyewe. Kituo kikubwa kilichojengwa Laeken, Brussels, ili kuongea na Kongo, kilibomolewa na Wabelgiji mwezi Agosti 1914 kisije kikatekwa na Wajerumani.

Mawimbi ya wakati huo yalikuwa marefu, na wimbi refu lina sifa ya kuufuata mviringo wa dunia kwa umbali mkubwa. Mfano mmoja unatoka katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 1917 chombo cha anga cha Kijerumani, L59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Tarehe 23, kilipokuwa magharibi ya Khartoum, kilipokea kwa redio amri ya kurudi kutoka Ujerumani. Kilitua Bulgaria baada ya kukaa hewani saa 95. Maneno machache yaliyovuka bahari na jangwa yalitosha kuigeuza safari nzima.

Kwa nini masafa ya chini

Neno "nyambizi" limejengwa juu ya "mbizi", na shida ya chombo hiki imo katika jina lake: kikishapiga mbizi, hakisikii. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kila kinachopitisha umeme hulidhoofisha wimbi la redio. Wimbi la masafa ya hezi milioni moja hupoteza karibu theluthi mbili ya nguvu ya uga wake katika robo ya meta tu ya maji ya bahari. Likishushwa hadi kilohezi 20, hupungua kwa kadiri hiyo kila baada ya meta 1.8 hivi. Likishushwa hadi hezi 76, meta hizo huwa karibu 29. Kanuni, basi, ni hii: kadiri masafa yanavyokuwa ya chini, ndivyo wimbi linavyozama zaidi.

Lakini unafuu huo una gharama. Wimbi la kilohezi 20 lina urefu wa kilometa 15, na antena yake haina budi kuwa kubwa kupita kiasi. Mwaka 1943 Wajerumani walifungua mtambo wa Goliath karibu na mji wa Kalbe, wenye nguvu ya wati milioni moja, ili kuziamuru nyambizi zao zikiwa chini ya maji. Vita vilipokwisha Warusi waliufungua kipande kwa kipande, wakauhamishia kwao na kuusimamisha upya. Mwaka 1961 Wamarekani walianza kuutumia mtambo wa Cutler, katika jimbo la Maine. Una minara 26, mrefu kuliko yote ukifikia meta 304 hivi, na chini yake umefukiwa waya wa shaba wa zaidi ya kilometa 3,000. Hatudai kwamba shaba hiyo ilitoka kwetu. Tunasema tu kwamba mtu wa jimbo ambalo kuanzia 1971 hadi 1997 liliitwa Shaba hawezi kuisoma tarakimu hiyo bila kutua kidogo.

Wamarekani walishuka zaidi. Kuanzia 1989 hadi 2004 walitumia vituo viwili, Clam Lake huko Wisconsin na Republic huko Michigan, vilivyorusha mawimbi ya hezi 76. Wimbi moja la masafa hayo lina urefu wa karibu kilometa 3,900, yaani zaidi ya mara mbili ya njia ya umeme ya kilometa 1,700 iliyokamilishwa mwaka 1982 kutoka Inga hadi Kolwezi. Vituo hivyo viliwekwa huko kwa sababu mwamba wa sehemu hizo haupitishi umeme vizuri, na kwa hiyo mwamba wenyewe ukawa sehemu ya antena.

Mtaalamu wa lugha atavutiwa na jambo jingine, nalo ni uchache wa maneno. Kutuma herufi tatu tu kwa mtambo huo kulichukua takriban dakika 15. Hapana sentensi wala sauti ya mtu. Herufi tatu zilikuwa kama kengele: maana yake ilikwisha kupangwa mapema baina ya mtumaji na mpokeaji, na mara nyingi iliitaka nyambizi ipande karibu na uso wa bahari ipokee ujumbe mrefu zaidi. Mzigo wa maana ulibebwa na makubaliano kuliko maneno.

Jiwe lasikiliza

Tangu miaka ya 1960 wanajiolojia wametambua kwamba mawimbi yaliyokusudiwa nyambizi hufika pia mahali ambapo hayakualikwa. Yakikuta ardhini mshipa wa madini unaopitisha umeme, au ufa wenye maji, mshipa huo huyajibu kwa kuzalisha uga mdogo wa sumaku. Mtu mwenye kipokezi cha kubebwa mkononi anaweza kutembea porini, akalipima jibu hilo na kukisia palipo na madini au pa kuchimba kisima. Mtafiti hagharimii mtambo wa kurushia; jeshi la majini la nchi nyingine limekwisha kulipa. Njia hii imetumika katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Kwa namna hii sauti ya vita ikawa chombo cha kutafutia mali na maji.

Na aliye chini ya jiwe?

Jiwe nalo, likiwa kavu, hulizuia wimbi kidogo kuliko maji ya bahari. Kwa hiyo masafa ya chini yanaweza kupeleka habari kutoka juu ya ardhi hadi ndani ya mgodi bila waya wowote kushuka shimoni. Australia ilitengeneza chombo cha aina hiyo, kinachompelekea mchimbaji ujumbe mfupi kwenye taa ya kofia yake. Mwaka 1998 moto ulipozuka katika mgodi wa Willow Creek, jimbo la Utah, wachimbaji walionywa kwa chombo hicho, wakatoka salama.

Mahali pasipo na njia ya kuwasiliana, matokeo yalikuwa mengine. Tarehe 2 Januari 2006 mlipuko ulitokea katika mgodi wa Sago, West Virginia, ukawafungia watu chini. Baada ya saa zaidi ya 40, habari ilizifikia jamaa kwamba watu 12 wako hai. Saa chache baadaye walielezwa kinyume chake: 12 wamekufa, na aliye hai ni mmoja. Mwaka huo huo sheria ya Marekani ikadai migodi ya makaa ya mawe iandae mawasiliano ya pande mbili yasiyotegemea waya.

Kwetu, mgodi wa Kamoto uliporomoka kwa sehemu mwezi Septemba 1990. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi mmoja wa Kolwezi na kuwaua makumi ya wachimbaji wadogo. Mtaa wa Kasulo, tangu kobalti ilipogunduliwa mwaka 2014, watu wamechimba mashimo chini ya nyumba zao wenyewe. Aliyeshuka humo hana herufi tatu za kumfikia. Anategemea kamba na sauti ya mwenzake aliye juu.

Hitimisho

Hatutarajii kwamba mchimbaji mdogo atanunuliwa mtambo wa bei kubwa kesho. Lakini historia tuliyoieleza inatufunza kwamba mambo mawili hufuatana: chombo, na makubaliano ya maana. La kwanza ni la wahandisi na wenye fedha. La pili linatuhusu sisi, na halihitaji kusubiri. Mashimoni hukutana watu wa lugha mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Orodha fupi ya ishara, zikiwa mivuto ya kamba au mapigo ya chuma, kwa ajili ya "toka", "kaa ulipo", "tuko hai" na "idadi yetu", ingeweza kusanifiwa pamoja na wachimbaji wenyewe na kufundishwa katika mashimo yote kwa namna moja. Kazi hiyo ni ya isimu kama ilivyo kazi ya kamusi. Chombo kitakapofika, kitazikuta ishara zake zimekwisha kupangwa.