Walinzi wa Taifa wa Marekani: askari wale wale, amri mbili

Bismillah. Wazazi wenye vijana Marekani huuliza: je, yafaa kujiunga na Walinzi wa Taifa?

Hili ni jeshi la akiba. Wengi wao ni watu wenye kazi zao, mwalimu, fundi, dereva, na mazoezi ni siku chache kila mwezi. Kila jimbo lina kikosi chake, na gavana ndiye mwenye kukiita panapotokea mafuriko au moto. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, walikwenda zaidi ya 50,000 kuokoa watu na kugawa maji. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia. Kazi hiyo haina ila.

Mtihani uko kwenye amri. Septemba 1957, mjini Little Rock, Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwaita kwa jina la kulinda amani. Walichofanya ni kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie skuli, na mahakama ilikwisharuhusu. Tarehe 24 Rais Eisenhower akakitoa kikosi mikononi mwa gavana, akaleta na askari wa miavuli. Kesho yake watoto wakaingia darasani wakilindwa. Sare ni ile ile.

Basi neno “dharura” peke yake halihalalishi kitu. Kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Na kijana ajue kabla ya kula kiapo: rais aweza kuwapeleka vitani ng'ambo, kama walivyopelekwa Iraq, na huko hachagui mtu.

Wallahu a'lam.