Ung'arishaji wa rangi ya gari nyumbani (Runazi, Biharamulo na Ngara)

Ung'arishaji wa rangi ya gari ni kazi ya kuosha bodi, kuondoa madoa na mikwaruzo midogo kwa polishi, kisha kuipaka nta au dawa nyingine ya kuikinga na jua, maji na uchafu. Makala hii inahusu kazi hiyo inavyofanywa na mwenye gari mwenyewe, uani kwake, katika Runazi na maeneo jirani ya wilaya za Biharamulo na Ngara, Mkoa wa Kagera. Katika mazungumzo ya kila siku hatua zote hizo huitwa kwa jina moja, "kupiga polishi". Jina hilo moja limeharibu rangi za magari mengi, kwa sababu polishi hukata na nta hufunika, nazo ni kazi mbili zisizofanana.

Mazingira

Runazi ni kata ya Wilaya ya Biharamulo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama huingia Kagera kwa Nyakanazi na kufika Lusahunga. Hapo hugawanyika: njia moja huelekea Biharamulo mjini na Bukoba, nyingine hupita Ngara hadi mpaka wa Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha forodha cha Tanzania na Rwanda kilizinduliwa Aprili 2016. Katika njia hiyo hupita malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na magari ya IT, yaani yale yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 1,200 kwenda kwa wenyewe ng'ambo ya mpaka. Gari la IT likifika Rusumo huwa limekwisha kula kokoto kwenye boneti kabla mwenye nalo hajaliona.

Nje ya lami barabara nyingi ni za moram. Wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma, na ndani yake mna punje za kwatzi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu, chenye daraja 10, kwatzi huwa na 7, na kioo cha dirisha huwa na takriban 5.5. Rangi ya gari ni laini kuliko vyote viwili. Kati ya Juni na Agosti, mvua zinapokatika, vumbi hilo hulala juu ya gari kama unga juu ya ungo. Mtoto akiandika jina lake kwa kidole kwenye buti la Toyota Probox lenye vumbi, gari likioshwa jina huonekana kama limefutika. Likisimama kwenye jua la saa kumi alasiri, jina linasomeka tena herufi kwa herufi, kwa sababu kidole kimezisugua punje zile ndani ya rangi.

Jua nalo si dogo. Wilaya hizi zipo takriban kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta, katika nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na miale ya urujuani hufika ikiwa kali. Paa na boneti hupauka kwanza, milango baadaye.

Rangi ya gari

Rangi ya kiwandani hupigwa mikono kadhaa: mkono wa kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na juu yake mkono usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Mikono yote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake mikroni 35 hadi 50, chini ya unene wa unywele mmoja wa kichwani. Mng'aro wote unaoonekana umo ndani ya klia hiyo. Baadhi ya magari meupe ya kazi, hasa yale ya zamani, hayana klia. Ukiyapiga polishi kitambaa hugeuka cheupe, na hiyo ni rangi inayotoka.

Magari mengi ya eneo hili ni Toyota zilizotumika Japani, yakiwamo yale ya abiria yanayoitwa michomoko. Hufika yakiwa na umri wa kutosha kulipiwa ushuru wa uchakavu, na klia yake imekwisha kupunguzwa na polishi za huko yalikotoka.

Kuosha

Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa wengi huiharakisha ili wafike kwenye kopo la nta. Gari huegeshwa kivulini, asubuhi au jioni, bodi ikiwa imepoa kiasi cha kuweza kuweka kiganja bila kukiondoa. Kwanza humwagiwa maji matupu kuanzia paani, bila kuguswa, hadi maji yanayochuruzika chini ya milango yaache wekundu. Palipo na bomba lenye nguvu kazi hiyo ni nyepesi. Penye maji ya kisima kopo na subira hutosha.

Kisha hutumika ndoo mbili. Ya kwanza ina maji ya sabuni, ya pili maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bodi. Baada ya kuosha gari lililotoka kijijini, chini ya ndoo ya pili hubaki tope jekundu la unene wa kidole. Tope hilo, kwa mwenye ndoo moja, lingerudi mlangoni pamoja na kitambaa. Bodi huoshwa kutoka juu kwenda chini, kwa mkono ulionyooka na si wa kuzungusha, na magurudumu huachwa mwisho kwa kitambaa chake.

Kitambaa kinachofaa ni taulo laini la maikrofaiba, na likikosekana fulana ya pamba iliyochakaa, iliyokatwa mishono. Dodoki, brashi ya nguo na stiliwaya hazifai. Sabuni ya unga inayofulia nguo huondoa mafuta vizuri mno: huondoa na nta iliyopakwa wiki iliyopita, na chembe zake zisizoyeyuka hukwaruza. Shampuu ya gari ni bora. Wanaoikosa hutumia sabuni ya maji ya vyombo, kidogo sana, na kusuuza mara mbili. Gari halifai kuachwa likauke lenyewe juani, kwani maji ya kisima huacha madoa meupe ya chumvi.

Kosa kubwa la eneo hili si ukosefu wa nta. Ni kile kitambaa kikavu kilichosokotwa nyuma ya kiti cha dereva, ambacho hutolewa kila gari linaposimama stendi ili kufuta vumbi kabla abiria hawajapanda. Kufuta moram kavu kwa kitambaa kikavu ni kulipiga gari msasa. Mistari yake, iliyojipinda kama utando wa buibui, huonekana vizuri zaidi kwenye gari jeusi.

Madoa ya pekee

Mavi ya ndege yana asidi na hula klia kwa saa chache za jua. Hulowekwa kwa kitambaa chenye maji hadi yalainike, hayakwanguliwi. Utomvu wa mwembe huondolewa kwa spiriti kidogo. Lami iliyorukia milangoni hutoka kwa mafuta ya taa, ambayo lazima yaoshwe kwa sabuni mara moja. Magari yanayobeba mikungu ya ndizi kwenye keria hupata michirizi ya utomvu wa mgomba, ambayo ikikauka huwa ya kahawia. Msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, wadudu hao hufuata taa usiku na kupasukia kwenye bampa na boneti. Wenyeji wa Kagera husikitikia zaidi senene waliopotea kuliko rangi, lakini majimaji yao yakiachwa hadi kesho yake huacha alama.

Kukata

Kukata ni kuondoa tabaka jembamba la klia ili mikwaruzo iliyo juu yake iondoke nalo. Hutumika kampaundi, uji wenye chembe ngumu, kisha polishi yenye chembe ndogo zaidi. Kwa mkono, kiasi cha punje ya harage hutosha eneo la futi mbili kwa mbili; husuguliwa kwa nguvu ya wastani na kufutwa kabla hakijakauka. Mkwaruzo unaonasa ukucha huenda umepita klia, na kwa kawaida hauondoki kwa polishi. Mashine ya kuzungusha hufanya kazi upesi, lakini kwenye kingo za milango na mistari ya boneti, ambako rangi ni nyembamba, hufika kwenye praima kwa sekunde chache. Msasa wa maji namba 2000 ni kazi ya fundi rangi; mwenye gari anayeujaribu uani hujuta. Kukata mara moja kwa mwaka ni kwingi.

Nta

Nta hupakwa juu ya bodi safi na kavu, nyembamba kiasi cha kuonekana kama ukungu, ikaachwa ikauke na kufutwa kwa kitambaa kingine. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mnene. Ikiwa imeshika, maji hujikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteleza. Yakianza kulala kama shuka, nta imekwisha.

Nta inayosifiwa zaidi ni ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki, ambayo misitu ya magharibi mwa Tanzania imeitoa tangu zamani pamoja na asali, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Tofauti hiyo ina maana hapa. Bati la gari jeusi lililosimama juani mchana linaweza kupita nyuzi 70, na nta ya nyuki iliyo juu yake hulainika, ikanata, ikashika vumbi lote linalopita. Warina asali wanaoyeyusha masega na kuchanganya nta na tapentaini hupata kitu kizuri kwa samani na ngozi. Kwa gari kinafaa likiwa jeupe na likilala kivulini, na huyeyushwa kwa chombo kilichokalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto ukiwa umezimwa kabla ya kutia tapentaini, kwani mvuke wake hulipuka.

Nta ya karnauba hudumu wiki kadhaa, na katika kiangazi cha moram hata chini ya hapo. Zile za sintetiki hudumu miezi kadhaa. Kipindi kinachofaa kupaka ni mwisho wa Mei, masika ikiisha, na tena kabla ya vuli.

Dawa za seramiki

Hutengenezwa kwa oksidi ya silikoni na hudumu miaka; hupatikana zaidi mijini.

Vitu visivyofaa

Dizeli inayopulizwa chini ya gari na kwenye matairi hung'aa siku moja, hushika vumbi siku ya pili, na hulainisha mpira. Mafuta ya kula ni vivyo hivyo. Dawa ya viatu nyeusi hurudisha weusi wa bampa za plastiki, lakini mvua ya kwanza huishusha kwenye rangi. Dawa ya meno husaidia taa za mbele zilizofifia, kwa muda, kwa kuwa nayo hukata. Mafuta ya breki yakidondokea rangi huitoa. Tone moja linahitaji maji mengi papo hapo.

Historia

Magari ya mwanzo yalipakwa vanishi kwa mkono, kazi ya wiki nyingi. Rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyotumika kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924 nchini Marekani, ilikauka upesi lakini ilihitaji kusuguliwa ili ing'ae, na biashara ya polishi ikapata soko. Kampuni ya polishi ya Simoniz ilikuwa tayari imeanza Chicago mwaka 1910. Katika mji huohuo Benjamin Hirsch alianzisha miaka ya 1940 kampuni iliyokuja kuitwa Turtle Wax. Klia ilienea miaka ya 1980.

Ngara ilijaa magari ghafla mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mashirika ya misaada yalifuata na Land Cruiser zao nyeupe. Nyeupe hupokea joto kidogo na huficha mikwaruzo, ingawa hailifichi vumbi jekundu hata kidogo. Ndiyo rangi ambayo mwenye gari wa barabara za moram hushauriwa hadi leo.

Maji machafu

Kuosha gari mtoni ni desturi ya zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ziwa. Uani, maji ya sabuni yasielekezwe kisimani.

Hali ya sasa

Sehemu za kuoshea magari zimeongezeka kando ya barabara kuu, na shampuu na nta za makopo huuzwa kwenye maduka ya vipuri. Wenye magari wengi bado huosha nyumbani. Gari ambalo klia yake imekwisha kubanduka kama ganda la kitunguu haliponi kwa polishi wala kwa nta. Hupelekwa kwa fundi rangi, likapigwa msasa na kupakwa upya.