Mwizi na Mawimbi ya Redio

Siku za mwizi ni arobaini, walinena wahenga. Methali hiyo humfariji aliyeibiwa. Walakini haisemi nani atakayezihesabu siku hizo, wala haiahidi kwamba mwizi, kwa kuzijua, ataacha kuiba. Kumkamata mwizi ni jambo moja, na kumzuia ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia ya vyombo vinavyotangaza mahali vilipo kwa mawimbi ya redio.

Historia hiyo yaweza kuanzwa Massachusetts, nchini Marekani, mwaka 1986, ilipoanza huduma ya LoJack. Redio ndogo ilifichwa ndani ya gari. Gari lilipoibwa, mwenyewe alipeleka habari kwa polisi, redio ikaamshwa kutoka mbali, na magari ya doria yenye vipokezi yakaifuata ishara yake. Nje ya gari haikuwekwa alama yoyote. Siri hiyo, iliyoweza kudhaniwa kuwa jambo dogo, ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Mwaka 1998 wanazuoni Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba huduma ilipoingia mjini wizi wa magari ulipungua sana. Tena waliona kuwa mwenye kuinunua alijipatia chini ya sehemu moja katika kumi ya faida yote. Iliyobaki iliwaendea wengine wasiotoa hata senti. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Kufuli linaloonekana humfukuza mwizi kwenye gari moja akaliendea la pili. Redio isiyoonekana humtia shaka juu ya magari yote.

Zana za mafundi zilifuata nyuma. Mwaka 2015 kampuni ya Milwaukee ilitoa mfumo wa One-Key, uliotia Bluetooth ndani ya kekee na misumeno ya umeme. Mwaka 2021 Apple ikatoa AirTag, kidude cha mviringo kinachofichika karibu popote. Vyombo hivi havina sauti ya kufika mbali kama redio ya gari. Hunong'ona tu, na mnong'ono wao huchukuliwa na simu za wapita njia, zikaupeleka kwa mwenye mali. Chombo kilichofungiwa pasipopita simu ni bubu. Aidha, AirTag imefanywa imwonye mtu anayesafiri nayo pasipo kujua, ili asinyemelewe na wabaya. Onyo hilo ni la haki. Lakini humfikia na mwizi pia.

Je, wizi umezuiwa? Kisa cha mwaka 2024 chatoa jibu lenye pande mbili. Seremala mmoja wa Virginia, aliyekwisha kuibiwa kabla, alificha AirTag miongoni mwa zana zake. Mwezi wa Januari aliibiwa tena. Aliifuata ishara mpaka kwenye ghala la kukodi katika Howard County, Maryland, akawaita polisi. Upekuzi ulioanzia hapo ulienea mahali 12, zikapatikana zana zipatazo 15,000, zenye thamani iliyokadiriwa kuwa baina ya dola milioni 3 na milioni 5. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini wingi huohuo washuhudia kinyume chake. Miaka 9 baada ya zana kuanza kunena, wezi walikuwa wamejaza maghala. Kidude cha seremala hakikumzuia mwizi kuvunja. Kilimfichua baada ya kuvunja, tena kwa sababu polisi walikubali kuja.

Hapo ndipo zana inapoachana na gari. Gari lina namba na hati, na polisi hulifuata. Kekee huuzwa upesi bila swali, na ni nadra askari kutumwa kwa ajili ya kekee moja. Ishara isiyofuatwa na mtu humwongezea mwenye mali uchungu: huona mali yake ilipo, asiweze kuitwaa.

Iko njia nyingine. Mwaka 2021 The Home Depot ilitangaza zana zisizofanya kazi mpaka ziamshwe kwa Bluetooth penye malipo. Njia hiyo haimfukuzi mwizi, humnyima faida.

Basi mwizi hazuiwi na mawimbi yenyewe. Huzuiwa na shaka asijue kipi kimetegwa, na hakika ya kufikiwa, na hofu ya kubaki na chuma kisichofaa kitu. Pasipo hayo, siku arobaini hazina wa kuzihesabu.