Kadi za Watu Wawili: Nani Anachanganya?

Wiki hii tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuzungumze michezo. Msiniambie huo ni utoto! Historia ya kadi ndani ya tarakilishi ina somo kwa kila anayeandika programu, na hata kwa yule ambaye kazi yake ni kubonyeza simu tu pale steji ya Keroka.

Tuanze na jiwe, maana Kisii inajulikana kwa jiwe. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, mafundi huchonga mawe laini kwa panga na visu, kisha yakasuguliwa kwa msasa na maji hadi yang'ae. Katika kazi zao zimo seti za sataranji na mabao ya kuchezea, na vyote viwili ni vya watu wawili. Angalia sataranji: mfalme wako namwona, wa kwangu unamwona. Hakuna aliyeficha kitu mfukoni. Anayeshinda ni yule anayeona mbali zaidi.

Kuona mbali ni kazi ya tarakilishi hasa. Mwezi Mei 1997, jijini New York, mashine ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Iliweza kupima hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde moja. Watu wengi wakadhani mambo ya michezo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha! Mwaka huohuo wa 1997 kampuni ya MicroProse ilitoa mchezo wa mikakati uitwao Magic: The Gathering, uliotokana na kadi alizobuni Richard Garfield na kuuzwa tangu 1993. Miongoni mwa waliouunda alikuwamo Sid Meier, yule wa Civilization. Unazunguka nchi iitwayo Shandalar inayotishiwa na wachawi watano, unakusanya kadi, na ukikutana na adui mnamaliza ubishi kwa kadi, wewe na yeye tu. Tena kuna dau: kabla ya pambano kila upande huweka kadi pembeni, na mshindi huichukua ya mwenzake. (Kadi za karatasi nazo zilianza na sheria hiyo ya dau, baadaye ikaachwa.) Ramani ni mahali pa kujipanga, pambano ni mahali pa kujua kama ulijipanga vizuri.

Mashine ya mchezo huo ilijua sheria zote, lakini ilifanya makosa ambayo mchezaji mzoefu aliyaona mara moja. Kwa nini, ilhali Deep Blue ilikuwa imemwangusha bingwa?

Jibu liko kwenye kadi zetu wenyewe, hizi za Kenya nzima. Sheria hubadilika kidogo kutoka meza hadi meza, lakini mnazijua: 2 na 3 zinamwokotesha mwenzako, J inaruka, K inarudisha, Q na 8 ni maswali na ukiuliza sharti ujijibu, A inaomba. Na usiposema "niko kadi" kabla ya kumaliza, umejiponza. Sasa waketi wawili tu. Mwenzangu akitupa A na kuomba shupaza, je, anazo kweli au ananitega? Hata nikifikiria hatua 20 mbele siwezi kujua, kwa sababu ninachokitafuta kimo mkononi mwake. Na mimi nikiomba kila mara kile nilicho nacho, baada ya raundi chache atanisoma kama gazeti.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Chukua poka ya Texas ya watu wawili: ukishaziona kadi zako mbili, mpinzani anaweza kuwa na jozi yoyote kati ya 1,225. Lazima ucheze dhidi ya zote kwa pamoja, huku ukificha ya kwako.

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ambayo wahenga wangeifurahia. Tunasema majuto ni mjukuu. Watafiti wakayafanya majuto kuwa mwalimu. Programu inacheza dhidi ya nafsi yake mara nyingi mno, na kila mara inahesabu imejutia kiasi gani kutofanya jambo lingine. Kinachojutiwa zaidi kuachwa hupewa nafasi zaidi safari ijayo. Mwezi Januari 2015 kikundi cha Michael Bowling cha Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilitangaza kwamba poka ya wawili yenye kikomo cha dau imetatuliwa kwa vitendo. Januari 2017 programu ya Libratus, ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika poka isiyo na kikomo, michezo 120,000 kwa siku 20. Hesabu wenyewe: ni miaka 20 baada ya Deep Blue.

Lakini kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko nani kamshinda nani. Kwenye meza ya mbao mmoja anachanganya, mwingine anakata, na macho yote yako hapo. Kwenye simu nani anakata?

Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa programu nchini Marekani walichunguza programu ya kuchanganya kadi iliyotumiwa na tovuti ya poka. Wenye programu walikuwa wameichapisha hadharani kuonyesha uaminifu wao. Mipangilio ya kadi 52 ni namba yenye tarakimu 68, lakini programu ile ilianzia kwenye milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu! Kwa kulinganisha saa, wakabakiwa na mipangilio kama 200,000 ya kujaribu. Wakishaona kadi tano, wanajua zote zilizobaki.

Na dawa ilikuwa imeanza kutafutwa zamani. Mwaka 1979 Shamir, Rivest na Adleman walieleza jinsi wawili walio mbali wanavyoweza kucheza kadi bila mgawaji. Tuseme mmoja yuko Kisii mjini, mwingine Nyamira. Wa Kisii anafungia kila kadi kwenye kisanduku chenye kufuli yake, anavichanganya, anavituma. Wa Nyamira anamchagulia mwenzake vitano na kuvirudisha, wa Kisii anavifungua. Kisha wa Nyamira anachagua vyake vitano, anaongeza kufuli yake, anavituma. Wa Kisii anaondoa ya kwake bila kuona ndani, anavirudisha. Kufuli hizo ni hesabu tu, na njia ya kwanza ilihitaji kuimarishwa baadaye, lakini wazo lilisimama: si lazima kumwamini anayechanganya.

Kwa hiyo vijana wa kwetu mnaoandika michezo ya kadi, msitoe namba za bahati kwenye saa, na msiiruhusu mashine kuchungulia mkono wa mchezaji hata kama ni rahisi. Nanyi mnaocheza kwa pesa simuni, kabla hamjaweka hata shilingi 50, ulizeni nani amechanganya, na nani amekata. Mkikosa jibu, rudini kwenye meza ya mbao.

Haya, tuonane wiki ijayo. Niko kadi!