Mkongo mwenye uso wa jiwe, kule Roma

Juzi nilibahatika kufika makumbusho ya Gitega, yale ya tangu 1955. Kuna ngoma, vikapu, mikuki, picha za zamani za wafalme. Nikatafuta sura ya mfalme iliyochongwa. Hakuna, bana. Kirundi chenyewe kinaeleza: ingoma ni ngoma, na ingoma ni ufalme. Ukitaka kumuona mfalme, unatazama Karyenda.

Nikarudi Muyinga na swali, nikaanza kusoma kwenye simu. Ulaya walishika njia ingine. Mwaka 1453 Mino da Fiesole alimchonga Piero de' Medici, tajiri wa Florence, kichwa na kifua, kama Warumi wa kale. Baadaye kila mkubwa akataka yake. Mtu mweusi Italia siku zile mara nyingi alikuwa mtumwa. Akichorwa, anawekwa pembeni, bila jina.

Lakini Roma, kanisani Santa Maria Maggiore, iko sanamu ya Mkongo mwenye jina: António Manuel Ne Vunda. Mfalme Álvaro wa Pili wa Kongo (ile ya Mbanza Kongo, leo iko Angola, siyo Uvira kwetu) alimtuma kwa Papa 1604. Ureno ilikuwa inashika mambo ya kanisa la Kongo, na mfalme alitaka aongee na Roma mwenyewe.

Safari yake ndiyo iliniumiza. Alipitia Brazili, maharamia wakawanyang'anya vitu, akakwama Ureno na Hispania, huku wenzake wanakufa mmoja mmoja. Karibu miaka minne! Sisi tunaosubiri karatasi tunaijua hiyo. Aliingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608, mgonjwa kabisa. Papa Paulo wa Tano akaja kumuona kitandani. Siku chache tu, akafa. Mapokezi makubwa yaliyokuwa yamepangwa yakageuka mazishi.

Sanamu aliichonga Francesco Caporale, ikawekwa 1629. Renesansi ilishapita, ila desturi ni ileile. Uso ni jiwe jeusi, nguo ni marumaru ya rangi, na mgongoni ana podo la mishale.

Hapo kwenye podo ndipo nabishana nao. Mtu alikuja Mkristo, balozi, na ujumbe wa mfalme wake, nao wakamvika mishale. Kwenye kadi yetu ya familia mimi bado nina uso wa mtoto wa miaka tisa, kwa hiyo ninajua kuonekana vile mwengine alivyotaka. Ningekuwa Caporale, ningempa barua mkononi.