Kichocho cha Msambweni na protini zinazoamuru seli kukua

Mtoto kukojoa damu si habari ngeni Msambweni, Kaunti ya Kwale. Kichocho cha mkojo kimechunguzwa huko na watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani tangu miaka ya 1980. Chanzo chake ni mnyoo uitwao Schistosoma haematobium, ambao mabuu yake hukulia ndani ya konokono wa madimbwi na vijito, kisha hupenya ngozi ya anayeoga au kufua humo. Lisilojulikana na wengi ni uhusiano wake na saratani ya kibofu.

Kibofu kimefunikwa ndani na seli maalumu zisizopitisha mkojo, ambazo kwa kawaida hugawanyika kwa nadra. Zinazoamua seli igawanyike lini, na ichukue umbo na kazi gani, ni protini. Baadhi hutoka nje na kubisha hodi kwa protini pokezi zilizo kwenye utando wa seli; ujumbe hupokezanwa hadi kwenye kiini, ambako protini nyingine hushika DNA na kuziwasha jeni hizi, kuzizima zile. Saiklini huisukuma seli kutoka hatua moja ya mgawanyiko hadi nyingine. Breki ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979: DNA ikiharibika, huisimamisha seli ili irekebishwe, au huiamuru ife.

Mayai ya mnyoo, yenye mwiba nchani, hukwama katika ukuta wa kibofu. Mwili huyashambulia, na kidonda kisichopona huendelea kudai seli za kuziba pengo. Amri za kukua hutolewa mwaka baada ya mwaka. Seli mpya huanza kubadili sura, zikawa bapa kama za ngozi. Wakati huohuo, kemikali zinazomwagwa na chembe za kinga huiumiza DNA. Jeni ya p53 yenyewe ikiathirika, breki imekatika, na saratani yaweza kuota, mara nyingi miongo kadhaa baada ya maambukizi ya utotoni. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuorodhesha mnyoo huu miongoni mwa visababishi vya hakika vya saratani.

Wengi wenye kichocho hawafikii huko. Hata hivyo, dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa tu. Haizuii maambukizi mapya wala hairekebishi jeni iliyokwisha kuharibika. Ndiyo sababu mtu mzima anayeendelea kukojoa damu baada ya tiba hafai kupewa vidonge vingine na kurudishwa nyumbani. Kibofu chake chapaswa kupigwa picha ya ultrasaundi na, ikibidi, kuchunguzwa kwa kamera.